Siwa ya Chumba Namba Tatu

Kabla sijafungua mdomo, tuelewane: nchi ninayoisema siyo hii. Hii yetu mnaijua, haina mpangaji anayelia wala mwenye nyumba mwenye roho mbaya, na kila anayeitwa mheshimiwa anaheshimika. Nchi ninayoisema iko mbali sana, na jina lake nimelisahau makusudi ili nizeeke salama.

Katika jiji kuu la nchi hiyo nyumba zilikuwa chache na watu wengi, kama nzi na kidonda kimoja. Kodi ilipanda kwa sababu ambazo hata Shetani angeona haya kuzitaja. Mwenye nyumba akitia meno ya dhahabu, kodi inapanda. Binti yake akichumbiwa, inapanda. Akiachwa, inapanda tena ili baba apunguze uchungu. Nayo ililipwa ya mwaka mzima kwa mkupuo, kwani wenye nyumba wa huko walihofia mpangaji asije akafa katikati ya mwaka, jambo walilolihesabu kuwa utovu wa nidhamu.

Katika nyumba moja ya vyumba sita na choo kimoja, chumba namba tatu, alikaa mjane mmoja, Bi Somoe. Alikaa humo miaka kumi na tisa. Kazi yake kutwanga: kisamvu, kitunguu saumu, karanga, bizari. Alitwanga, akafunga katika karatasi kuukuu za ofisi za serikali zinazouzwa kwa kilo, akawauzia mama ntilie wa mtaa. Mchi wake ulikuwa wa mpingo, urithi wa bibi yake, umeng'arishwa na viganja vya wanawake watatu.

Mwenye nyumba alikuwa Mheshimiwa Salvatori Tarimbo, Mbunge, Mwenyekiti wa Kamati ya Makazi, mmiliki wa nyumba mia moja na kumi na nne alizozipata, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa kubana matumizi. Siku moja alipita ukumbini mwa nyumba ile, akasimama, akanusa.

"Somoe."

"Abee, Mheshimiwa."

"Nini hicho kinanukia?"

"Pilau, baba. Hitima ya marehemu mume wangu."

"Ina nyama?"

"Vipande vitatu tu."

"Basi kodi mara tatu. Mwisho wa mwezi. Kama huna, funga virago."

Akaondoka, lakini kwanza alichota kipande kimoja kwa vidole, akakitafuna, akaufuta mkono wake kwenye pazia.

*

Vilio vya namna hiyo vilikuwa vingi mpaka vikamfikia Mkuu wa Nchi. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Chumba ni nini?" Maskini, yeye alizaliwa katika kasri, akalelewa katika kasri, hakuwahi kukutana na chumba. Hapo ikabidi Bunge likae.

Bunge la huko lilikuwa na siwa, lile rungu la dhahabu linalolazwa juu ya meza kuonyesha kwamba kikao kimeanza. Bila siwa hakuna kikao, na bila kikao hakuna posho. Kanuni nyingine walizisahau, hiyo walizaliwa nayo.

Spika akasimama, mtu mwenye sauti ya mtungi mtupu. "Kwa mujibu wa kanuni," akasema, "mwenye maslahi binafsi katika hoja hii ya kodi za nyumba atoke nje."

Wakatoka wote. Hata Spika alijikumbuka, akatoka. Akabaki mfagizi na ufagio wake. Sauti ya Spika ikasikika kutoka nje:

"Nani amebaki humo?"

"Mimi, mzee. Nafagia."

"Nyumba unayokaa ni yako?"

"Nimepanga, mzee."

"Basi wewe ndiye mwenye maslahi binafsi. Toka sisi turudi."

Tangu siku hiyo kanuni ikasomeka vizuri: kumiliki nyumba ni uzoefu, kupanga ni maslahi binafsi.

Mheshimiwa Tarimbo ndiye aliyefungua mjadala. "Mheshimiwa Spika," alisema, jasho la utu uzima likimtiririka, "hawa wapangaji wanalala katika nyumba zetu usiku kucha bila sisi kuwepo!"

"Aibu!" wakaitikia.

"Wanaziegemea kuta zetu! Sakafu zetu, Mheshimiwa Spika, wanazikanyaga kwa miguu!"

"Aibu! Aibu!"

"Mwenye nyumba ni ng'ombe wa maziwa. Nani humu amewahi kumwuliza ng'ombe kama amechoka?" Mbunge mmoja wa mbele akalia. Iliandikwa katika taarifa rasmi kwamba alilia kwa uchungu, ingawa jirani yake alishuhudia kwamba alikuwa amejing'ata ulimi akisinzia.

Ikaundwa kamati ya kutafuta maana ya chumba. Kamati ilizunguka nchi kumi na moja kwa wiki moja, ikalala katika vyumba vingi kwa ajili ya utafiti, ikarudi na masanduku arobaini ya nguo na sentensi moja: Chumba ni nafasi yenye kuta nne, paa na mlango. Sheria ikaandikwa: kodi ya chumba isipande kwa miaka mitano.

Hapa lazima niwaeleze desturi ya Bunge lile. Spika aliposimama kuhoji, wabunge walijibu "ndiyooo" kabla hajamaliza swali, na siku za joto kabla hajalianza. Iliokoa muda. Kwa hiyo sheria ilipita mara moja, na aliyepiga ndiyooo kubwa kupita wote alikuwa Tarimbo. Wapangaji walicheza ngoma barabarani. "Kumbe na yeye ana moyo!" walisema. Ndiyo shida ya watu wema. Wakimwona fisi anatabasamu wanadhani ameshiba.

*

Asubuhi iliyofuata Tarimbo alifika kwenye nyumba ile na mafundi sita wenye nyundo na bisibisi. Wakaanza na namba tatu. Bawaba zikalia, mlango ukatoka.

"Mheshimiwa," Bi Somoe akasema, "sheria si imesema kodi isipande?"

"Kodi ya chumba, Somoe. Wewe una chumba?"

"Na hiki nini?"

"Kuta nne, sawa. Paa, sawa. Mlango uko wapi?"

"Si umeubeba wewe!"

"Sijakuuliza nani ameubeba. Nakuuliza uko wapi." Akamtazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito wa hesabu. "Hiki sasa ni nafasi. Na nafasi haina sheria. Kodi ni ile ile niliyoisema, mara tatu, mwisho wa mwezi."

Wiki hiyo jiji zima lilibaki bila milango. Upepo ulioingia kaskazini ulipita vyumba vyote ukatokea kusini na soksi za watu. Mtu akikohoa mtaa wa kwanza, aliambiwa pole mtaa wa kumi. Wanawake walioga huku jirani ameshika kanga na kutazama upande mwingine, na jirani asiyetazama upande mwingine alijulikana mji mzima kabla ya saa sita. Milango yenyewe ilirundikwa katika maghala ya waheshimiwa, wakaikodisha kwa saa: bei moja kwa maharusi, bei nyingine kwa wenye kuharisha, na wenye kuharisha ndio walioongezewa, kwa kuwa hawakuwa na nafasi ya kubishana.

Bi Somoe alitundika kanga mbili penye mlango, akaendelea kutwanga. Siku kumi na mbili zilibaki.

*

Lililosahaulika ni kwamba jengo la Bunge nalo lilikuwa la kupanga. Serikali ililiuza mwaka wa njaa, na aliyelinunua, kwa jina la mama mkwe wake, ni Tarimbo. Mtu huyu alikuwa na msimamo: mpangaji ni mpangaji. Jumatatu wabunge walikuta milango mikubwa ya mninga imeng'olewa. Ubaridi wa viyoyozi ulishakimbilia barabarani, na mbuzi wanane wamekaa viti vya mbele. Mbuzi wale walihesabiwa kwenye akidi, kwa kuwa angalau walikuwa macho.

Sasa ghadhabu ilikuwa ghadhabu kweli. Watu ambao hawakuona ubaya mjane kuoga hadharani waliona ubaya mkubwa wao kutazamwa wakisinzia. Kabla ya saa ya chai sheria ilirekebishwa: mahali popote penye siwa juu ya meza patahesabiwa kuwa Bunge, pawe na mlango pasiwe nao, kodi yake isipande, na mtu yeyote asing'oe kitu humo.

"Ndiyooo!"

Wa kwanza alikuwa Tarimbo mwenyewe. Mdomo wake ulikuwa na mbio kuliko masikio. Alipogundua alichokiitikia, mchuzi wa samosa ulikuwa unamteremka kwenye tai, na milango ilikuwa inarudishwa.

Sheria hiyo ikachapishwa katika gazeti la serikali. Gazeti hilo halisomwi na mtu. Hutoka mtamboni likaenda moja kwa moja kwa wauza karatasi za kilo, na siku tatu baadaye likafika kwa Bi Somoe kufungia karanga. Jirani yake wa namba nne, Mzee Ngwali, fundi saa, alinunua karanga, akala, akaibandika miwani ya kazi jichoni akasoma karatasi.

"Somoe, hebu njoo. Wewe una meza?"

"Ile ya mguu mmoja mfupi. Kwani?"

"Na siwa ni nini, kwa unavyoiona wewe? Mti mrefu, umenyooka, kichwa kinene, au siyo?"

Bi Somoe akautazama mchi wake. Kisha akamtazama Mzee Ngwali. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu hitima, akacheka.

*

Mwisho wa mwezi Tarimbo alifika na mafundi na mkokoteni wa kutupia vyombo. Alikuta kanga zimefunguliwa kama mapazia ya ikulu, meza katikati ya chumba, juu yake kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa, mchi.

"Toa takataka zako."

"Inama kwanza, Mheshimiwa," Bi Somoe akasema. "Umeingia Bungeni."

Alitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika, ingawa nayafahamu. Askari wakaitwa, wakakuna vichwa, wakaona jambo hili linahitaji mtaalamu. Akaletwa Mpambe wa Bunge, mbeba siwa, mtu mrefu aitwaye Nyenyembe, na glavu zake nyeupe. Aliuzunguka mchi mara mbili. Mgongo wake ulikuwa na mazoea ya miaka thelathini. Ukiona kitu kirefu kimelala mezani, unapinda wenyewe. Ukapinda.

"Ni siwa," akasema.

"Ni mchi! Una kitunguu saumu!"

"Mheshimiwa, sheria haikutaja dhahabu. Na kwa heshima zote, hii ya hapa imewahi kufanya kazi."

Mlango wa namba tatu ukarudishwa siku ile ile, na Tarimbo aliutundika huku ameinama. Habari zikaenea. Wapangaji wakakimbilia kwa maseremala kuchongesha siwa zao, lakini serikali iliwahi. Kabla ya jua kuzama likatoka tangazo: siwa mpya ni marufuku, zilizopo ziandikishwe, na tangazo hili lisitenguliwe ila na kikao cha Bunge. Zikaandikishwa mbili tu nchi nzima, ya dhahabu na ya mpingo.

Baada ya juma moja, ya dhahabu haikuonekana. Ilitafutwa kila mahali. Siku ile ile Mheshimiwa Tarimbo alionekana na meno mapya, yamejaa mdomo mzima, ya juu na ya chini. Jengo likiwa halina siwa si Bunge tena. Akalipandishia kodi kabla ya chakula cha mchana.

Hapo waheshimiwa wakakwama. Kuchonga siwa ni marufuku. Kuondoa marufuku kunahitaji kikao. Kikao kinahitaji siwa. Walizunguka hapo siku nne kama kuku aliyekatwa kichwa, posho haitoki, mpaka mmoja wao akakumbuka chumba namba tatu.

*

Walikuja mia mbili na kumi. Msiniulize walivyoenea, mtu akiitiwa posho huwa mwembamba. Arobaini walikaa kitandani, wengine juu ya kabati, wengine walining'inia kwenye kamba ya nguo. Wapinzani waliwekwa uvunguni. Spika alikalia ndoo ya maji ya kunywa.

"Mama, wewe toka," akamwambia Bi Somoe. "Mgeni haruhusiwi Bungeni bila kibali."

Akatoka. Akakaa ukumbini juu ya kigoda, nje ya mlango aliougombania, akisikiliza kitanda chake kikivunjika. Choo kilichowatosha wapangaji kumi na wanane kwa miaka kumi na tisa kilijaa kwa mchana mmoja. Walikula karanga zake wakatemea maganda kwenye mto. Walichokoa meno kwa njiti za ufagio wake, kisha wakazirudisha ufagioni. Hoja ya kwanza waliyoipitisha ilikuwa posho ya mazingira magumu.

Jioni, kikao kilipofungwa, Nyenyembe alimrudishia mchi kwa glavu zote mbili, maana ulikuwa mali yake na ndio uliokuwa unamlisha. Akamnong'oneza.

"Bi Mkubwa, kesho Mheshimiwa Tarimbo analeta hoja ya kufuta sheria zote za kodi. Hii ya siwa na ile ya chumba. Wakishapiga ndiyo, mlango wako unaondoka na wewe unaondoka."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu, siwa ikishalazwa mezani."

"Ahsante, mwanangu. Kalale."

Saa tatu kamili asubuhi Nyenyembe alitokea ukumbini. Bi Somoe alikuwa na kinu kati ya magoti. Ndu, ndu, ndu.

"Bi Mkubwa, tunaomba siwa."

"Natwanga, baba."

"Utamaliza lini?"

"Kisamvu kikilainika."

"Na kikilainika?"

"Kuna karanga."

Mtaa ulielewa bila kuitiwa mkutano. Kufika adhuhuri foleni ilikuwa imetoka ukumbini hadi barabarani: huyu na ungo wa mahindi, yule na pilipili, mwingine na mawe matupu kwa sababu nyumbani hakuwa na kitu kingine. Ndani waheshimiwa walisubiri, joto likiwapika. Mmoja akauliza kama posho haiwezi kulipwa kwa kukaa tu bila kikao. Wenzake wakamtazama kwa huruma. Miaka yote hiyo hakuwa amejua kwamba kukaa na kikao vilikuwa vitu viwili.

Siku ya tatu Spika alitoka mwenyewe, midomo imemkauka.

"Mama, Taifa linasubiri."

"Taifa liko hapo kwenye foleni, baba, limeleta mahindi."

"Unataka nini?"

Bi Somoe akapumzisha mchi. "Nitawapa siwa kwa kikao kimoja, hoja moja. Asome Mpambe. Kisha mrudi kwenu."

"Na posho itatoka?"

"Si kikao? Itatoka."

Spika hakuuliza hoja ni ipi. Nani huuliza mchele umetoka wapi akiwa na njaa? Siwa ikaingia ndani, bado ina joto la kinu, inanuka kitunguu saumu, ikalazwa mezani. Wakainama wote. Nyenyembe akakunjua karatasi ya karanga yenye mwandiko wa Mzee Ngwali, mdogo kama namba za saa ya mkononi.

"Bunge linahojiwa kwamba..."

"NDIYOOO!"

Kitanda kikamaliza kuvunjika. Aliyetangulia, kama kawaida yake, alikuwa Tarimbo, dhahabu ya taifa ikimetameta mdomoni. Nyenyembe alisubiri mwangwi ufe, kisha akaendelea taratibu, maana kanuni inadai hoja isomwe mpaka mwisho hata ikiwa imekwisha kupita:

"...kwamba milango yote irudishwe kwa gharama ya aliyeing'oa. Kwamba chumba ni mahali anapolala mtu, kiwe na mlango kisiwe nao. Na kwamba kodi yake isipande."

Mdomo wa Tarimbo ulibaki wazi. Nzi mmoja aliingia, akatazama, akatoka.

*

Walipokea posho wakatawanyika kabla ya jua kuchwa, kila mmoja akidai ni yeye aliyeitetea sheria hiyo. Milango ikarudi. Bi Somoe akaingia chumbani mwake, akafungua dirisha kabla ya kuvua viatu. Alisugua sakafu kwa dawa ya choo mara tatu. Akachoma ubani. Akachoma godoro. Harufu haikutoka, na wanaopita hapo wanasema mpaka leo haijatoka. Inafanana na ya nyama iliyosahauliwa mfukoni mwa koti la suti.

Mnadhani yamekwisha. Hamuwajui. Kila asubuhi saa tatu waheshimiwa wale hujipanga barabarani na hoja yao ya kufuta kila kitu, wakamtuma Nyenyembe aulize kama siwa ina nafasi. Kila asubuhi huambiwa bado. Viganja vya Bi Somoe vimechubuka, kwa hiyo mtaa umepanga zamu: mama ntilie, wafua nguo, hata Mzee Ngwali na vidole vyake vya kushikia sindano za saa. Vitu vya kutwanga vikiisha, wanatwanga maganda. Sheria nzima ya kodi ya nchi ile imeegemea hapo, juu ya mti mmoja unaopanda na kushuka katika ukumbi unaonuka, na yeyote mwenye mikono hawezi kusema hayamhusu.

Ndu, ndu, ndu. Mkiwa huko mkiusikia mchi huo, laleni salama. Siku ukinyamaza, msiulize kumetokea nini. Kimbieni nyumbani mkashike milango yenu.